Ipi ya kung'oa, ipi ya kuacha: mimea ya bustani na paka wa Kigoma

Ujumbe wa aina hii hauishi kuzunguka kwenye simu: orodha ndefu ya mimea "inayoua paka", herufi kubwa, alama za mshangao, na mwishoni amri ya kuwatumia wengine. Ukifika Kigoma unaleta watu wa aina mbili. Wa kwanza anashika jembe na kung'oa kila kilichopo barazani, mpaka mrehani, ambao haumdhuru paka. Wa pili anacheka, anauliza paka tangu lini akafa kwa majani, kisha anaendelea kumwagilia oleanda yake mlangoni. Wote wawili wamesoma orodha ile ile.

Tatizo moja la orodha hizo ni kwamba nyingi zimetungwa nchi za baridi. Zinaanza na tulipu na dafodili, maua ambayo hutayakuta Mwanga, Gungu wala Ujiji, halafu mnyaa, ambao ndio ua wa nyumba nyingi mkoani kwetu, unatajwa pembeni au hautajwi kabisa. Tatizo la pili ni kubwa zaidi: kila mmea umewekwa safu moja na mwenzake. Mchaichai umo, oleanda imo. Paka akizidisha mchaichai tumbo linachafuka, anatapika, kesho yuko juu ya bati anakimbizana na mijusi. Oleanda inasimamisha moyo. Ukiviita vyote sumu ukaishia hapo, hujamwambia mwenye paka kitu anachoweza kukifanyia kazi.

Sumu ni nini hasa

Sisi tunaokula ugali wa muhogo tuna bahati, somo hili tunalijua kwa mikono. Muhogo mchungu una viini ambavyo mzizi ukikatwa au kupondwa hutoa sianidi. Ndiyo maana unalowekwa siku kadhaa mpaka ulainike, unaanikwa juani, ndipo unapotwangwa. Mmea huo huo ni sumu na ni chakula. Inategemea sehemu gani imeliwa, kiasi gani, imeandaliwaje, na aliyekula ni nani. Maswali hayo manne yanafaa kwa kila chungu kilichopo barazani kwako, na kwa paka hilo la "nani" ndilo zito.

Paka ni mla nyama halisi. Mababu zake wameishi kwa panya, ndege na mijusi kwa muda mrefu kiasi kwamba mwili wake umepoteza baadhi ya njia za kushughulikia kemikali za mimea. Kazi hiyo hufanywa zaidi na ini. Lichukulie ini kama forodha pale bandarini: karibu kila kinachonyonywa kutoka utumboni kinapitishwa hapo kwanza, na kwenye kila meza kuna karani mwenye mhuri wake. Mzigo uliogongwa mhuri unatolewa nje kwa mkojo au kwa nyongo. Kwa binadamu, meza zote zina watu. Kwa paka, meza moja muhimu karani wake ni dhaifu mno, karibu hayupo, na mizigo iliyopaswa kupita kwake inarundikana mpaka inaanza kuharibu ghala lenyewe.

Ukitaka kuona upungufu huo ulivyo, tazama parasetamoli. Kidonge kimoja cha miligramu 500, hiki hiki tunachomeza kwa homa, kinaweza kumuua paka mzima wa kilo tatu au nne. Ufizi unageuka kahawia au bluu, uso na nyayo vinavimba, anahema kwa shida. Kidonge si mmea, najua. Nimekitaja kwa sababu ndicho kitu ambacho mtu mwenye huruma humpa paka aliyekwisha kutafuna jani baya, akamwongezea tatizo la pili ambalo ni kubwa kuliko la kwanza.

Jambo jingine linalomtofautisha paka ni kujilamba. Chavua ikimdondokea mgongoni, utomvu ukimganda kwenye nyayo, dawa ya kupe ikipakwa manyoya, vyote vitaishia kwenye ulimi. Hahitaji kula mmea ili sumu imwingie.

Na kwa nini anatafuna majani wakati ni mla nyama? Husemwa kwamba anaumwa na anaijua dawa yake. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, waliwauliza wenye paka zaidi ya 1,000 kuhusu tabia hii. Paka wengi hawakuonekana wagonjwa kabla ya kula majani, na takriban robo tu ndio waliokuwa wakitapika mara kwa mara baada ya kula. Maelezo yanayopewa nguvu ni kwamba tabia hii imerithiwa kutoka kwa paka pori, ambao majani yaliwasaidia kusukuma minyoo nje ya utumbo. Tabia hiyo haibagui jani zuri na baya. Kitoto cha paka cha miezi mitatu kitang'ata chochote kinachoning'inia, na akili ya kuchagua dawa hakina.

Mimea inayochoma mdomo

Hii ndiyo iliyojaa barazani kwetu. Kuna difenbakia, lile ua la majani mapana ya kijani yenye madoa ya maziwa, mara nyingi limepandwa kwenye dumu la mafuta ya kula lililokatwa juu. Kuna lile linalotambaa ukutani lenye majani ya umbo la moyo, ambalo linaota hata kwenye chupa ya maji juu ya friji. Kuna monstera ya majani yenye matobo, kuna filodendroni, na yale yanayofanana na sikio la tembo. Yote ni ya ukoo mmoja na magimbi.

Kwa hiyo yanavyofanya tayari unavijua. Aliyewahi kumenya magimbi mabichi anakumbuka mikono ilivyowasha, na aliyewahi kula yasiyoiva anakumbuka koo. Ndani ya jani kuna fuwele ndogo sana za kalsiamu oksaleti, nyembamba na kali kama sindano, zimefungwa kwa mafungu. Paka aking'ata, mafungu yanafyatuka na fuwele zinachoma ulimi, midomo na koo. Ndani ya dakika chache anatoa mate mengi, anajipangusa mdomo kwa mguu wa mbele, anatikisa kichwa, pengine anatapika, na chakula anakikataa.

Inatisha kuitazama, lakini kwa kawaida haiui. Maumivu yenyewe humfanya aache kutafuna mapema, na baada ya saa kadhaa huwa ametulia. Mfute mdomo kwa kitambaa kilicholowa maji safi. Kijiko kidogo cha maziwa au mtindi hapa kina kazi, kwa sababu kalsiamu yake hushikana na oksaleti. Ukiona koo limevimba na pumzi inakwama, hapo ndipo pa kukimbia kwa daktari wa mifugo.

Hatari kubwa ya mimea hii, kwa maoni yangu, inatoka kwa binadamu. Paka anayetoka mate mtaani hufikiriwa haraka kuwa ana kichaa cha mbwa, na nini kinafuata tunakijua: mawe. Kichaa kinampata paka kweli, kwa hiyo tahadhari si ujinga. Tofauti iko kwenye mwendo wa mambo. Aliyetafuna difenbakia alikuwa mzima muda mfupi uliopita, mate yameanza ghafla, anahangaika na mdomo wake, na jani lenye alama za meno lipo sakafuni. Kichaa huja kwa kubadilika tabia: mpole anakuwa mkali au anajificha gizani, sauti inabadilika, anashindwa kumeza, miguu inalegea, na hali inaendelea kuwa mbaya siku hadi siku. Ukiwa na shaka, na hasa kama paka hajachanjwa, usitie mkono mdomoni mwake hata kidogo. Mfungie mahali, mwite mtaalamu. Akikung'ata au kukukwaruza, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo ukaulizie chanjo.

Utomvu mweupe, na ua lililosingiziwa

Mnyaa hauhitaji utangulizi. Utomvu wake ni mkali, na mtu aliyekata ua bila kujikinga macho anaweza kukaa siku kadhaa haoni vizuri. Paka hapendi kuula. Anachofanya ni kupita katikati yake akimfukuza panya, tawi linavunjika, utomvu unampata usoni au manyoyani, na akijilamba mdomo na tumbo vinawaka. Jicho likipatwa lioshwe kwa maji mengi mara moja, na usimwache ajilambe kabla manyoya hayajaoshwa kwa sabuni ya kawaida. Mnyaa wangu siung'oi kwa ajili ya paka. Nakata matawi wakati paka amefungiwa ndani, basi.

Ndugu yake, poinsetia, ndiye aliyesingiziwa. Ni lile linalogeuza majani ya juu kuwa mekundu kuelekea Krismasi, na kwetu hukua likawa kichaka kirefu kuliko mtu. Kila orodha inalitaja kama muuaji. Uvumi huo unarudishwa nyuma hadi habari ya mwaka 1919 kutoka Hawaii, kwamba mtoto wa afisa wa jeshi la Marekani alikufa baada ya kutafuna jani lake. Habari hiyo haikuwahi kuthibitishwa, lakini imedumu zaidi ya miaka mia moja. Utomvu wake unawasha mdomo na kumtapisha paka kidogo. Muuaji siye.

Mbono kaburi na mbarika ni habari nyingine. Majani si tishio kubwa kwa paka, ila mbegu zao zina sumu nzito. Mbegu ya mbarika ikimezwa nzima yaweza kupita bila madhara kwa sababu ganda lake ni gumu, lakini ikitafunwa inatoa risini, ambayo huua. Paka mara chache hutafuna mbegu. Kama una watoto wanaotambaa, mti huu unawahusu wao kuliko paka.

Mimea inayopiga moyo

Hapa ndipo ninapobadilisha sauti. Oleanda ina majani marefu membamba, magumu, na maua ya waridi, meupe au mekundu. Inapendwa kwa sababu haijali jua wala ukame. Ndugu yake wa maua ya njano, umbo la tarumbeta, ana tunda la kijani lenye pembe linalokuja kuwa jeusi, na mara nyingi hupandwa kama ua kwenye viwanja vya taasisi. Pia kuna kalanchoe, yenye majani manene na vishada vya maua madogo, na waridi la jangwani lenye shina lililovimba chini. Wahadza, hapa hapa Tanzania, hutumia utomvu wa waridi la jangwani kutengeneza sumu ya mishale, kwa hiyo hakuna haja ya kubishana kama ni kali.

Kemikali za mimea hii zinafanana na dawa ya moyo iitwayo digoksini. Kwa kipimo cha daktari, dawa hiyo inausaidia moyo uliochoka. Kwa jani lililotafunwa, hakuna kipimo. Seli za moyo zinashindwa kupanga chumvi zake, mapigo yanakwenda kombo, yanapungua, yanaruka, mpaka yanasimama. Paka huanza kwa kutapika na kuharisha, kisha analegea. Mkono ukiweka kifuani unasikia mapigo ya kubahatisha. Majani ya oleanda yakikauka yanabaki na sumu yake, na maji ya chombo kilichowekewa matawi yake nayo yamechafuka.

Ladha yake chungu humkinga paka mara nyingi. Mimi sitegemei mara nyingi, hasa kwa paka wa ndani asiye na kazi nyingine ya kufanya mchana kutwa.

Saiki, inayofanana na mchikichi

Mkoa wa mawese una mtego wake. Saiki, jamii ya mtapo wa pwani, ina shina fupi na majani magumu yaliyotawanyika juu kama mnazi mchanga, na mnunuzi huichukulia kuwa mchikichi wa mapambo. Sio. Mchikichi na minazi ya kweli haijulikani kumdhuru paka. Saiki ni ukoo mwingine kabisa, wa kale, hautoi maua, na kila sehemu yake ina sumu inayoitwa saikasini.

Ukitaka kuitambua, gusa ncha ya jani. Ya saiki inachoma kidole. Mmea jike ukikomaa hutoa katikati mbegu za rangi ya machungwa zikiwa zimelala kwenye manyoya ya kahawia, kila moja ukubwa wa chikichi iliyoiva. Mbegu ndizo mbaya kuliko majani. Paka anaweza asizile kwa njaa, lakini mbegu ya mviringo inayobiringika sakafuni ni mchezo, na mchezo wa paka unaishia kinywani.

Kutapika huanza mapema, wakati mwingine kwa damu. Baada ya siku mbili au tatu weupe wa macho na ufizi vinakuwa vya njano, ishara kwamba ini limeshindwa. Hakuna dawa ya kuibatilisha saikasini. Wanyama wengi hawaponi hata wakihudumiwa.

Lili na figo

Hili ni jina lililobeba mimea mingi isiyohusiana, na kuchanganya hapa kunagharimu. Ua jeupe la kivulini lenye jani moja jeupe limezunguka mchi, huuzwa kwa jina la lili ya amani, lakini ni la ukoo wa magimbi. Linachoma mdomo tu. Lile jekundu la mviringo linalochomoza ardhini na mvua za kwanza linatapisha. Lili zinazoua figo za paka ni za aina mbili: lili halisi, zile za maua makubwa yenye petali sita na chavua ya kahawia inayochafua nguo, ambazo kwetu huonekana zaidi kwenye mashada ya harusi na misiba kuliko bustanini, na lili ya siku moja, yenye majani kama nyasi pana na maua ya machungwa au njano, kila ua likiishi siku moja tu. Hii ya pili inaota bustanini bila shida.

Hakuna mmea wa mapambo unaoogopwa na madaktari wa paka kuliko hizi. Jani moja au mawili, petali, chavua iliyolambwa kutoka manyoyani, hata maji ya chombo cha maua, vinatosha. Cha ajabu, mbwa akila lili hizo hizo anaumwa tumbo tu, figo zake hazifi. Kemikali yenyewe inayofanya kazi hiyo kwa paka haijatambuliwa kwa ukamilifu mpaka leo.

Ratiba yake ndiyo inayodanganya. Saa za mwanzo paka anatapika, anakataa chakula, analala. Kisha kutapika kunakoma na mwenye paka anashusha pumzi. Wakati huo huo figo zinaharibika. Kati ya siku ya kwanza na ya tatu anaanza kunywa maji sana na kukojoa sana, baadaye mkojo unakatika. Bila matibabu, kifo huja ndani ya siku tatu hadi saba. Akianzishiwa dripu ndani ya saa 18 hivi tangu ale, na ikaendelea siku mbili au tatu, uwezekano wa kupona ni mzuri. Baada ya hapo unapungua haraka. Usingojee dalili. Ukiona petali imetafunwa, saa imeshaanza kuhesabu.

Kuna pia mkalamu, mmea wa porini kwetu unaoparamia vichaka na kutoa maua mekundu yenye kingo za njano yaliyojikunja kuelekea juu. Ndilo ua la taifa la Zimbabwe. Wengine huling'oa porini na kulileta nyumbani kwa uzuri wake. Kila sehemu, na hasa kiazi chake cha chini, ina kolchisini, dawa ambayo kwa kiasi kidogo sana hutibu ugonjwa wa gauti na ikizidi kidogo tu huua seli za mwili mzima. Kama una paka, mbwa au mtoto, liache porini.

Bustani ya mboga

Orodha za maua zinasahau kitunguu. Fikiria dagaa waliokaangwa kwa mawese, nyanya na vitunguu. Kikibaki kidogo sufuriani, nani anapewa? Vitunguu maji, vitunguu saumu na jamii yao yote huvunja chembe nyekundu za damu ya paka, na kupika hakuondoi sumu hiyo. Gramu 5 hivi za kitunguu kwa kila kilo ya uzito wake zinatosha kuleta madhara, maana yake gramu 15 kwa paka wa kilo tatu. Kitunguu cha kawaida cha sokoni kina gramu 100 hivi. Saumu ni kali zaidi. Dalili hazionekani siku hiyo: baada ya siku kadhaa ufizi unapauka, paka anachoka haraka, mkojo unakuwa mwekundu au wa kahawia. Hapo hakuna anayekumbuka rojo la Jumapili, na lawama inaangukia ua fulani barazani. Mpe dagaa wakavu au waliochemshwa bila kiungo.

Walio Kasulu na Kibondo, au majirani zetu wa Urambo na Kaliua, wana tumbaku. Wachumaji wanajua jani bichi lenye umande linavyoleta kizunguzungu na kutapika kwa kugusa ngozi tu. Nikotini hiyo kwa paka inafanya kazi ndani ya saa moja: mate, msisimko, kutetemeka, kisha kulegea. Paka anayelinda bani, banda la kukaushia tumbaku, dhidi ya panya asilale juu ya majani.

Yasemwayo na watu

"Mbona mbuzi anakula na hafi?" Mbuzi ana tumbo lenye vyumba vinne vyenye vijidudu vinavyovunja sumu nyingi kabla hazijanyonywa. Na hata hivyo mbuzi huyo huyo akivamia majani ya muhogo mchungu anakufa. Mbuzi hawezi kuwa shahidi wa paka.

"Paka ana roho ngumu." Ana ujuzi mkubwa wa kuficha maumivu. Hujikunyata chini ya kitanda ukadhani amelala.

"Mpe maziwa" au "mnyweshe mawese." Ukiacha ile mimea inayochoma mdomo, maziwa hayabatilishi sumu yoyote niliyoitaja, na paka wakubwa wengi yanawaharisha. Mawese ni mabaya zaidi: paka anayekabwa na mafuta huyavuta kwenye mapafu, na unakuwa na nimonia juu ya sumu. Chumvi ya kumtapisha ni sumu kwake yenyewe. Mkaa wa jikoni uliosagwa si ule mkaa maalumu wa hospitali, ambao umetengenezwa kwa namna ya kunasa kemikali.

Tena kuna lile la utomvu: vunja jani, ukiona maziwa ujue ni sumu, usipoyaona ni salama. Mpapai una utomvu mweupe. Lili na saiki hazina.

Na nikiulizwa paka wengi wanaokufa ghafla mtaani wamekufa kwa nini, kidole changu hakiendi kwenye maua kwanza. Kinaenda kwenye sumu ya panya, ambayo paka huipata kwa kula panya aliyekwisha kuila, na kwenye dawa ya kuogeshea ng'ombe inayopakwa paka ili kuua viroboto. Nyingi kati ya dawa hizo ni za jamii ambayo mwili wa paka hauwezi kuivunja, ile meza ya forodha tena.

Akishakula

Mtoe kwenye mmea, toa mabaki ya majani mdomoni kama anakubali, futa au osha manyoya. Usimtapishe. Kata tawi la mmea lenye jani na ua kama lipo, litie kwenye mfuko, au piga picha mmea mzima pamoja na jani kwa karibu. Mpigie daktari wa mifugo, au afisa mifugo wa kata, na umwambie mambo matatu: mmea gani, saa ngapi, paka ana uzito gani. Maneno "amekula majani" hayamsaidii. Ukimwambia "ametafuna mbegu mbili za saiki saa nne asubuhi", anajua pa kuanzia. Si kila duka la dawa za mifugo lina mtu aliyewahi kumwekea paka dripu, kwa hiyo tafuta namba hiyo leo, wakati paka wako amelala kibarazani hana tatizo.

Kwa bustani ya kawaida ya Kigoma, mimi ningeondoa saiki, oleanda za aina zote mbili, lili za siku moja na mkalamu, nikaacha mengine. Difenbakia ningeipandisha juu, kalanchoe na waridi la jangwani ningeziweka upande wa nje ambako paka wa ndani hafiki. Nafasi iliyobaki inajazwa na waridi la kawaida, mrehani, migomba, hata mchikichi mdogo.

Ukishang'oa, usitupe jalalani wala usiwatupie mbuzi wa jirani. Oleanda isichomwe pia, kwa kuwa moshi wake nao una sumu. Vaa glavu au funga mifuko mikononi, okota mbegu za saiki zote mpaka zilizojificha kwenye manyoya ya shina, na vyote vifukie kwenye shimo refu ambalo mbwa hawezi kulifukua.